Kabla ya Reli Kufungwa Masjalani

Sumbawanga,
Juni 2025

Mwanangu mpendwa,

Bibi yako hajambo, anakuulizia kila Jumapili baada ya misa. Baridi ya mwaka huu imeshuka mapema, upepo wa milima ya Mbizi unapiga tangu asubuhi, na mahindi ya shamba la chini ya barabara tumeshaanza kuyavuna. Wewe shika kazi, ya huku tuachie sisi.

Barua yako nimeisoma nikafurahi. Unasema mahakama yenu imeahidiwa makabati ya reli, yale ya kusukuma kwa usukani, na kwamba wenzako masjalani wameshaanza kusema shida ya majalada imekwisha. Ni neema, wala sitaki kuipunguza. Chumba ambacho majalada yake yamelala sakafuni kwenye viroba kinamvunja moyo hata karani mwenye bidii. Lakini maisha yangu yote ya utumishi yamepita masjalani, na kuna jambo nataka ulishike kabla fundi hajashusha chuma cha kwanza. Kabati la reli litawapa nafasi. Kulipata jalada siku mwenyewe anapolihitaji ni kazi nyingine, na kazi hiyo lazima ifanyike kabla kabati halijafika. Likishajaa, hakuna atakayepata muda wala moyo wa kulimwaga upya.

Naanza na namna yanavyofanya kazi, maana ukielewa hilo utajua pia mahali yanapodai uangalizi. Katika masjala ya kawaida kila safu ya rafu inadai ujia wake, mtu apite na ngazi yake. Ujia huo unakaa mtupu karibu siku nzima. Makabati ya reli yanaziondoa njia zote, inabaki moja tu. Safu zinapandishwa juu ya vitoroli vya chuma vyenye magurudumu, vitoroli vinatembea juu ya reli zilizofungwa sakafuni, na ukizungusha usukani ulioko ubavuni, meno na mnyororo vinaugawa uzito mpaka safu ya tani mbili inasogea kwa mkono mmoja. Unafungua ujia pale penye jalada unalolitaka. Kwingine kote pamebanana.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1887 maktaba ya British Museum kule London ilijaa vitabu, wakaanza kutundika rafu za nyongeza kwenye vyuma vya dari, rafu za kuvuta mbele ya rafu nyingine. Gladstone, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alipenda vitabu kiasi kwamba mwaka 1890 aliandika makala nzima kuhusu namna ya kuvipa makazi, na humo akapendekeza makabati yaliyobanana yanayotembea kwenye reli. Oxford walichimba ghala la vitabu chini ya uwanja wao wa maktaba, wakalikamilisha mwaka 1912, wakaweka makabati ya namna hiyo. Umbo tunalolijua leo, la vitoroli vya sakafuni, lilienea baada ya Hans Ingold wa Uswisi kulitengeneza katika miaka ya 1940. Nakutajia hayo ili ujue kwamba mahakama zetu haziletewi jambo la kujaribiwa. Limeshajaribiwa, na kasoro zake zinajulikana.

Sasa chukua kalamu tupige hesabu. Tuseme chumba chenu kina mita 6 kwa 5. Ukiweka safu za kawaida za pande mbili, kila moja na kina cha sentimita 80 na ujia wa sentimita 90 kila upande, zinaingia safu 3. Ukiweka za reli na ujia mmoja wa sentimita 90, zinaingia safu 6. Kila safu ikiwa na urefu wa mita 4 na ngazi 6 za rafu kila upande, umetoka mita 144 za rafu umefika mita 288, na chumba ni kilekile. Ndiyo maana wauzaji husema nafasi inaongezeka mara mbili, na wanasema kweli.

Hesabu hiyohiyo ina upande wa pili ambao huwa wanaupitia haraka. Mita moja ya majalada yaliyosimama vizuri ina uzito wa kilo 30 mpaka 50. Shika 40. Mita 288 ni zaidi ya tani 11 za karatasi, na chuma bado hujakihesabu. Ukigawa kwa eneo lililokaliwa na safu, kila mita ya mraba inabeba kilo 600 za karatasi peke yake. Sakafu ya ghorofani iliyojengwa kwa ajili ya meza na viti hukadiriwa kubeba kilo 250 mpaka 300. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa mhandisi liwe hili: masjala iko juu ya nini? Kama ni chumba cha chini, zege likiwa limekaa juu ya udongo ulioshindiliwa, mna heri. Kama kuna chumba kingine chini yenu, msikubali hata reli moja kabla hajaleta hesabu yake kwa maandishi. Usione aibu kuuliza kwa sababu wewe ni msaidizi wa kumbukumbu. Sakafu ikipasuka, wewe ndiye utakayekuwa umesimama juu yake.

Angalia marumaru pia. Ofisi nyingi siku hizi zimetandikwa marumaru, na fundi mvivu hufunga reli juu yake. Uzito ule utayapasua, reli zitacheza, na kabati litaanza kujiendea lenyewe kuelekea upande ulioinama. Reli zinatakiwa kushikwa na zege. Simama naye akiweka pimamaji, na kiputo kikae katikati kwenye kila reli, mwanzo, kati na mwisho, kabla hajamwaga saruji. Tofauti ya milimita chache haionekani kwa jicho, lakini safu ya tani mbili inaihisi kila siku.

Kwetu huku liko jambo jingine ambalo mtu wa Dodoma anaweza asilifikirie. Ufipa imekaa ukingoni mwa bonde la ufa, Ziwa Rukwa upande mmoja na Tanganyika upande mwingine. Tarehe 13 Desemba 1910 Rukwa ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa kama 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa kuwahi kupimwa Afrika. Ardhi iliyofanya hivyo mara moja haijahama. Yapo makabati yenye vishikio vinavyoingia ndani ya reli ili safu isipinduke, na yapo ya bei nafuu yasiyo navyo. Nyinyi daini yenye vishikio, na rafu za ukutani zifungwe ukutani kwa boliti.

Makabati ya umeme msiyachukue hata mkipewa kwa punguzo. Sumbawanga tumekaa miaka mingi tukitumia umeme unaotoka Zambia, na unajua yaliyokuwa yakitupata ukikatika. Kabati la usukani linafunguka giza likiwa limeingia, linahitaji grisi tu na mtu wa kufagia reli. Kufagia huko ni kazi ya kila siku, maana pini moja ya karatasi ikiingia relini inaweza kusimamisha safu nzima.

Kuhusu hewa nitasema kidogo zaidi, kwa sababu ndiko majalada yanakofia kimyakimya. Kuanzia Novemba mpaka Aprili karatasi zetu zinakunywa unyevu. Rafu za wazi angalau hupigwa na upepo wa dirishani. Safu zilizobanana zinaufungia unyevu ndani, na ukungu unapenda sana mahali penye giza pasipofunguliwa. Jioni, mnapofunga ofisi, msizibananishe safu mpaka mwisho, gawanyeni ule ujia ili kila pengo lipate upana wa vidole vichache. Acheni nafasi kati ya safu ya mwisho na ukuta. Ngazi ya chini kabisa isigusane na sakafu, kwa ajili ya maji na mchwa. Jalada lililolowa lianikwe kivulini, kurasa zikiwa zimeachanishwa, maana jua linafifisha wino. Na kabla hamjaingiza chochote, kila jalada lipigwe brashi, pini zenye kutu zing'olewe, kurasa zishikwe upya kwa kamba. Pini yenye kutu inakula karatasi mpaka inatoboka.

Nimefika kwenye lile lililonifanya nikuandikie kwa urefu huu.

Katika mahakama moja, ambayo sitaitaja, yaliletwa makabati mapya, mazuri, ya kufungwa kwa ufunguo. Kila mtu alifurahi. Ilitakiwa chumba kionekane kimepangika kabla ya ukaguzi, basi wakaitwa vibarua mwishoni mwa juma, wakajaza majalada kwa ukubwa wake, makubwa chini na madogo juu, namba hawakuziangalia. Jumatatu chumba kilipendeza mno. Miezi kadhaa baadaye akaja mama mmoja mjane kutoka bondeni, upande wa Mtowisa. Alipanda mlima na gari la mizigo, amelala kwa ndugu, amekuja na kipande cha karatasi chenye namba ya shauri la mirathi ya mumewe, kimekunjwa mpaka mikunjo imechanika. Alitaka nakala ya uamuzi uliomteua kuwa msimamizi wa mirathi, kwa sababu shemeji yake alikuwa ameshaanza kuliuza shamba. Karani akaingia, akazunguka, akatoka. Jalada halionekani, mama, njoo wiki ijayo. Nilimwona akikikunja tena kile kikaratasi chake, pole pole, kwa mikunjo ileile.

Alikuja tena na tena, kisha akaacha. Jalada lilikuja kuonekana wakati linatafutwa jalada la mtu mwingine kabisa. Kamba yake ilikuwa imekatika, likateleza ndani ya jalada la jinai lililokuwa jirani yake, yakabanwa pamoja. Lilikuwa zima, uamuzi umo, sahihi ya hakimu imo, muhuri umo. Na shamba lilikuwa limeshapimwa kwa jina la mtu mwingine.

Mwanangu, jalada lile halikupotea. Lilikuwa umbali wa hatua chache kutoka kwenye kiti alichokalia yule mama. Ndiyo maana nasema kabati peke yake halitoshi, na lililobanana ndilo linalodai utaratibu zaidi, kwa sababu ndani yake jicho halioni kitu mpaka uzungushe usukani. Kwenye rafu za wazi karani mzoefu hukumbuka kwamba lile jalada lililofifia liko karibu na dirisha. Kwenye reli kumbukumbu ya namna hiyo haina kazi.

Kwa hiyo kabla reli hazijafungwa, fanyeni hivi. Toeni majalada yote, moja baada ya jingine, mkiwa na madaftari ya kusajili mashauri mezani. Kila namba iliyomo daftarini itafutiwe jalada lake, na kila jalada litafutiwe namba yake. Mtakuta yasiyo na wenzake pande zote mbili, andikeni orodha mumpe hakimu mfawidhi, msiifiche. Tenganisheni yanayoendelea na yaliyokwisha. Hili la kutenganisha msilichezee. Kwenye makabati ya reli ujia ni mmoja, maana yake makarani wawili hawawezi kufanya kazi safu mbili kwa wakati mmoja. Mkiweka humo mashauri yanayotajwa kila siku, saa mbili asubuhi mtapanga foleni kwenye usukani huku mahakimu wanasubiri, na siku hiyohiyo mtu atazungusha safu wakati mwenzake yuko ndani. Vipo vifungio vya kuzuia hilo, vitumieni kila mara, na aingiaye aseme kwa sauti kwamba ameingia. Mashauri hai yakae mbele, kwenye rafu za wazi. Reli ni kwa yaliyokwisha.

Halafu kila mahali papewe anwani: safu, upande, ngazi, kisha namba. Anwani hiyo iandikwe kwenye daftari na kwenye kompyuta, vyote viwili. Jalada likitoka, pale lilipotoka kiwekwe kipande cha manila chenye namba yake, tarehe, na nani amelichukua. Unajua jinsi majalada yetu yanavyosafiri. Rufaa ya Mahakama ya Mwanzo inaita jalada lipande Mahakama ya Wilaya, kutoka huko linaweza kuitwa Mahakama Kuu hapa Sumbawanga. Mtu aliyeshindwa katika Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 tu za kukata rufaa, na madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Siku hizo zinahesabika wakati sisi tunasema njoo kesho. Na mfungwa ambaye mwenendo wa shauri lake haupatikani anasubiri gerezani wakati mahakama inahangaika kuujenga upya kutoka kwenye vipande.

Katika kuyatoa majalada hayo mtakutana na ya zamani sana, na hapo naomba mikono yenu iwe laini. Kabla ya mwaka 1963 mashauri ya wananchi wa huku yalisikilizwa kwenye mabaraza ya watemi wa Nkansi na Lyangalile, ndipo sheria mpya ikaleta Mahakama za Mwanzo kwa nchi nzima. Ukikuta daftari la enzi hizo, hata kama kona zimeliwa, usimruhusu mtu aseme ni takataka. Kule Zanzibar majalada ya makadhi yalihifadhiwa, na mtafiti Elke Stockreiter aliyasoma akatoa kitabu mwaka 2015, kikionyesha wanawake na watu waliotoka utumwani wakidai talaka, mahari na mirathi kwa midomo yao wenyewe. Ya Ufipa nani atayaandika kama tumeyachoma? Ng'ombe wa nani aliingia shamba la nani, nani alimlipa nani mahari ya majembe, mpaka wa kijiji ulipita kwenye mti gani: hayo yamo humo tu, wazee waliokuwa wanayajua tumeshawazika.

Tena sheria iko wazi. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Namba 3 ya mwaka 2002, haimpi karani wala mkuu wa ofisi ruhusa ya kuteketeza kumbukumbu za umma kwa kuwa chumba kimejaa. Kuna utaratibu wa kuzipitia, na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ndiyo yenye neno. Zile ambazo hazitumiki tena lakini zina thamani zina kituo chake Dodoma, na nyaraka zilizofikisha miaka 30 zinaweza kufunguliwa kwa wasomaji. Andikeni barua mapema. Mkipunguza kwa njia halali kabla ya kununua, pengine mtagundua mnahitaji safu 4 wala si 6, na fedha itakayobaki ikarekebishe paa.

Jambo hili la kiasi lipime vizuri, kwa sababu wakati wenu si kama wetu. Kanuni za kufungua mashauri kwa njia ya kielektroniki zimekuwepo tangu 2018, mfumo umeboreshwa, na hukumu za Mahakama Kuu na Rufani mnazisoma kwenye tovuti ya TanzLII bila kupanda ngazi. Karatasi mpya zitakuja kwa uchache. Makabati mnayoyaweka ni kwa ajili ya shehena ya miaka iliyopita, na shehena hiyo ina mwisho. Pita na futi kamba, pima urefu wa majalada yaliyokwisha yakiwa yamesimama, ongeza kiasi cha wastani, basi. Asikushawishi mtu kununua kwa miaka hamsini ijayo. Wala asikwambie mtu kwamba kwa kuwa kuna kompyuta haya ya karatasi hayana kazi. Mjane wa bondeni shauri lake halimo kwenye mfumo.

Na ufunguo. Makabati haya yana kufuli, ni jambo jema, maana tunajua majalada hufichwa kwa makusudi ili mtu atoe chochote. Lakini ufunguo ukikaa mfukoni mwa mtu mmoja, yule mtu anageuka kuwa mahakama ndani ya mahakama. Uwe na daftari lake, anayeuchukua atie sahihi, na nakala iwe kwa hakimu. Ukija kuambiwa uufiche, kataa, na umwambie anayekuambia kwamba shangazi yako ndiye aliyekufundisha hivyo.

Nitumie vipimo vya chumba na idadi ya madaftari ya kusajili mliyo nayo, kuanzia mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho. Tukimaliza kuvuna nitapanda basi nije kwako kwa siku kadhaa, kama mkuu wako ataniruhusu kuingia masjalani, nikae na nyinyi mezani tukianza na majalada ya mirathi. Nitakuja na brashi zangu. Wewe tafuta kamba mpya, manila, na mtu mwenye mwandiko unaosomeka.

Wasalimie wenzako wote wa masjala, na mumeo.

Ni mimi,
Shangazi yako